Joho la Kukodi

Kamera niliinunua kwa bumu la muhula wa pili,
mkono wa tatu, kwa fundi redio wa Makoroboi,
fleshi yake ikikohoa kabla ya kuwaka.
Mwezi ule nilikula muhogo na dagaa,
kisha dagaa na muhogo,
na Masunga, tunayelala chumba kimoja,
akaniuliza kama lenzi huiva ikichemshwa.

Nilianza na wapenzi pale Kamanga,
wale wanaotaka Jiwe la Bismarck lionekane lote
na tumbo lisionekane.
Elfu moja picha, tatu kwa elfu mbili na nusu.
Jumamosi ikinyooka, nauli imetoka,
hela ya kudurufu imetoka,
na kidogo kinavuka maji hadi Sengerema
kwa mama, anayejibu kila mara:
Nimepokea. Unasoma saa ngapi?

Joho lilikuwa wazo la Masunga.
Wahitimu hurudisha ya chuo jasho halijakauka,
ndipo shangazi aliyekwama kivukoni anafika
na kitenge chake kipya na vigelegele vilivyochelewa.
Basi nikashonesha moja, jeusi, la polista,
na kofia ambayo kishada chake hung'oka.
Mwaka wa pili, ada nadaiwa,
jina langu limebandikwa ubaoni
kati ya wasioruhusiwa kuingia mtihani,
nami namiliki joho.

Nimewavisha warefu, likawaishia magotini,
nikawapiga kuanzia kifuani.
Nimemshikiza mjamzito kwa pini nne.
Nimezoea kusema, "Kidevu juu kidogo, mheshimiwa,"
kwa mtu aliyenitangulia mwaka mmoja tu
na aliyeniazima kikokotozi, hakukipata tena.

Halafu asubuhi moja akaja Nyanzobe,
yule wa uji, pale getini Malimbe.
"Mwangaluka. Hiyo nguo bei gani?"
Nikadhani ananitania.
"Sitaki kumdanganya mtu," akasema.
"Nataka niione tu."
Akafuta mikono kwenye kanga, akaifuta tena,
akaliingia joho kama mtu anayeingia maji ya baridi,
bega moja kwanza,
akatulia,
kisha la pili.

Tukashuka hadi ziwani. Jua lilikuwa mgongoni kwangu.
Nyuma yake kongoti wawili
waligombea utumbo wa sangara.
Nikaokota jiwe niwafukuze.
"Waache," akasema, "nao wako kazini."
Nikamwambia acheke. Hakucheka.
Aliitazama lenzi
kama anavyomtazama mtu anayesema, nitalipa Ijumaa.

Fedha niliikataa. Ndipo akakasirika kwelikweli.
"Kwani uji wangu wewe unakunywaga bure?"
Hatukujibizana. Akatoa daftari lake chini ya joho,
akatafuta ukurasa wangu, haukuwa mbali,
akachora mstari juu ya elfu moja,
akaniachia elfu tatu na mia nne zilizobaki
zikinitazama.

Juzi mama ameniomba picha.
Si hela. Picha. Anasema sura yangu inaanza kumpotea.
Nikapekua kadi yote: maharusi, pasipoti,
ubatizo wa Igoma, keki za watu, meno ya watu.
Mimi simo.
Nikarudia, taratibu, picha za asubuhi peke yake.

Nyanzobe aliporuhusu, nikamtumia ile ya kwake.
Jibu lilichukua siku mbili kuvuka:
Huyu mama msomi ni nani, mbona kanuna?
Na wewe uko wapi?

Nikamwandikia: Angalia chini, mama,
kwenye majani, karibu na viatu vyake vya plastiki.
Kile kivuli kirefu, chenye viwiko juu.