Nusu ya Damari

Chibago amekuja na futi ya mita hamsini,
ile ya chuma, ya wapima viwanja wa Ihumwa,
na kijana wa kumshikia ncha.
Hajakaa. Uji wa uwele umeshaweka utando kikombeni.
"Mama mdogo," anasema, "nataka nusu ya mama."

Haki yake. Sina ubishi.
Karatasi ipo kabatini, chini ya vitenge,
majina mawili, langu na la Damari,
na mbele yake neno moja: hisa.
Siku ile karani wa ardhi alitueleza bila kuinua uso:
ubia ni wa mume na mke,
mmoja akifa, aliyebaki humeza vyote;
ninyi ndugu andikeni hisa, kila mtu amwachie mwanawe.
Damari akacheka hadi mhuri ukatikisika mezani.
"Hisa, baba, andika hisa.
Huyu mdogo wangu ana koo pana."

Nusu kwa nusu, basi.
Sasa nionyeshe nusu.

Mistari arobaini na moja, nguzo na waya,
kutoka barabara ya Hombolo hadi korongoni,
na hakuna shina nililowahi kuliita la Damari.
Kila mzabibu ulikuwa nusu yake tangu mzizini,
kila tunda nusu ganda, nusu kokwa,
hata ndege aliyedonoa alituibia wote wawili.
Na mwaka ule bei ilipoanguka,
kreti zikachacha juani nje ya geti la kiwanda,
nzi hawakuuliza mpaka uko wapi.

Miaka thelathini na miwili nimefundisha Kiswahili, darasa la nne.
Naandika ubaoni: shamba langu, kisima changu, mzabibu wangu,
watoto wanaitikia, chaki inaniingia puani.
Sikuwaambia, maana sikuwa nimeliona,
kwamba sauti ya kwanza si yangu.
Shamba ndilo linalonipa *l*, kisima kinanipa *ch*.
Mwenye mali anakuja nyuma, mkiani,
amevaa sare aliyoshonewa na mali yake.
Na dada, ingawa ni mtu,
twasema *dada yangu*,
*y* ileile ya nyumba.

Halafu hili: *nina shamba.*
Lifumue, utakuta mimi, na shamba,
tumesimama tu pamoja, hakuna aliyemshika mwenzake.
Kumiliki ni neno la kuazima.
Nilitaka kumwambia Chibago hayo yote
lakini alikuwa ameshaanza kuhesabu hatua.

Mkwe wangu, aliyesomea sheria Bujumbura,
alinipigia simu jana usiku:
hata kwa Kifaransa, mama, ni hivyohivyo,
hakuna anayelazimishwa kubaki shirikani.
Nikamshukuru. Nikakaa gizani na simu
mpaka taa yake ikazima.

Kwa hiyo tunapima.
Futi inalia kama nyoka kwenye majani makavu.
Ishirini upande wa barabara, wenye bomba.
Ishirini upande wa korongo, wenye udongo mzuri.
Tukabaki tunatazamana na mstari wa ishirini na moja,
mbovu kuliko yote, chumvi imeula,
mwaka mzima haujazi debe.
Damari alikuwa akiupogoa kwanza kila msimu,
akisema mgonjwa ndiye anayeanza kunywa uji.

Kijana ameachia ncha. Futi imerudi mbio ndani ya kasha lake.
Chibago amechuchumaa, anagusa shina kwa kidole gumba
palipokatwa na mkasi wa mama yake,
kovu juu ya kovu, kama goti la mtoto mtundu.
"Na huu?" anauliza. "Huu mzabibu wa nani?"

*W*, namwambia.
Hiyo mzabibu umeshatupa.
Malizia wewe.