Saa za Watu

Baba alikuwa fundi saa, Kibokoni,
kibanda cha upana wa mikono miwili ya mtoto,
lenzi imebanwa jichoni
aone kosa dogo kuliko chembe ya uwatu.
Saa za kuuza hakuwa nazo.
Alikuwa na droo.

Ndani ya droo, saa za watu
waliozileta, wakaambiwa njoo Alhamisi,
na Alhamisi yao haikufika.
Kila moja na kikaratasi chake, na uzi mweusi wa mama:
*Twalibu, Kuze, mkanda mpya.*
*Kadzo wa Mshomoroni, kioo.*
*Baharia, hakutaja jina, ameahidi kurudi.*
Deni kando. Wino umepauka.

Kila Ijumaa, kabla ya kukoga aende msikitini,
alizitoa moja moja, akazitia ufunguo,
mizunguko kumi na miwili, si zaidi,
akaiweka kila moja sikioni
kama anayesikiliza mtoto wa jirani
aliyelazwa kwake kwa usiku mmoja.
"Zisigande," akisema.
"Mwenyewe akija aikute i hai."

Mwaka ule paa la jikoni lilivuja
hata mama akawa anapika na beseni kichwani.
Akaja mtu wa dhahabu, akaitaka ile ya baharia.
Akataja bei: ni mabati, ni mbao, na bado ingebaki ya nyama.
Baba akamtilia kahawa.
"Hiyo ina mwenyewe."
"Miaka kumi na tisa, Bwana Shee!"
"Ina mwenyewe."
Mama hakusema neno.
Alisogeza sufuria, akaiweka lilipoangukia tone.

Nilimchukia usiku ule. Naliandika nisije nikalipamba:
nilimchukia yeye, na tasbihi yake, na vikaratasi vyake,
nikaapa kwamba nikikua nitakuwa na paa
na sitakuwa na droo.

Sasa nina paa, Mikindani, la vigae.
Nafanya zamu ya usiku, wodi ya wanaume.
Mgonjwa akitutoka saa nane, kabla hata ya shuka,
mkono wangu umeshafika kwenye pete,
kwenye simu iliyopasuka kioo,
kwenye noti ya mia mbili aliyoikunja ndani ya soksi.
Bahasha. Jina. Uzi.
Wenzangu hunicheka: na uzi tena?
Sijui niliuanza lini.

Sala zangu si zake. Alfajiri yangu
naiswali jua limeshachungulia, miguu imevimba,
nakosea idadi ya rakaa mbili.
Na droo, ndiyo, ilikuja kwangu,
ndugu zangu hawakuitaka,
droo imepungua moja.
Ada ya Ridhwana, muhula wa pili. Sitajitetea.
Niliiuza ya baharia, Mtaa wa Biashara,
kwa kijana aliyeipima uzito
wala asiisikilize.

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa,
nazitia ufunguo zote tisa,
na vidole vikishamaliza ya tisa
huenda kwenye ya kumi,
huzungusha hewa
mara kumi na mbili, si zaidi.
Kikaratasi chake kingalimo. Nyuma yake nimeandika
bei niliyopokea, na namba yangu ya simu.

Leo Ridhwana ameingia, kaimati mdomoni.
"Mama, za nani hizi?"
Nikafungua kinywa niseme *za babu yako*.
"Za watu," nikasema.
"Watu gani?"
"Watakaokuja."
Akavuta kiti. Akaiegesha moja sikioni,
akakunja uso, kwa namna ninayoijua.
"Hii imelala," akasema,
na kidole chake, kingali na shira,
kikaanza kupapasa ukingoni, kikitafuta pa kuamshia.