Muhuri wa Kandambili

Soli ya kandambili, ya mguu wa kushoto,
nimeichonga kwa wembe barazani hapa Langoni.
Ngao imetoka vyema. Mikuki miwili, haya.
Lakini jina la nchi nililichonga sawasawa,
na karatasi ikanisomea: AYNEK.

Fundi Shee Lali alicheka hadi akakohoa.
"Muhuri, mwanangu, huchongwa kinyume."
Nikaanza upya, upande wa kisigino.

Kesho kutwa ni Jamhuri. Albamu ina kurasa nne:
babu na sare yake ya posta, kifungo kimoja hakipo;
mama kwenye foleni ya kura, kidole kimetiwa wino;
mimi paredini shuleni, mdomo wazi, soksi moja.
Kila pembe naigonga ngao, nyeusi, nyekundu, kijani.
Nyeupe haigongwi.
Nyeupe ni karatasi yenyewe.

Ukurasa wa nne hauna picha.
Ni wa bibi, Mwanahalima,
aliyekwenda afisi ya vitambulisho mara saba
akiulizwa babu wa babu yake kazaliwa wapi.
"Pale," alijibu, akionesha nje ya dirisha.
Fomu haikuwa na kisanduku cha Pale.

Leo kasogeza kiti mwenyewe,
kapangusa unga wa mahamri kwenye leso,
kaivuta pedi ya wino wa kijani.
Kidole gumba kikashuka,
kikakaa kidogo,
kikainuka.

Hakuchonga kitu. Hakugeuza kitu.
Nikaupepea ukurasa ukauke.