Jaribu Tena

Newala, ofisi ya ushirika, saa mbili na robo asubuhi.
Nimekuja na saa ya kuhesabia sekunde,
kalamu mbili, na fomu yenye safu saba.
Safu ya tano niliipa jina mwenyewe,
nikiwa Dar, kwenye kiti kinachozunguka:
MAKOSA YA MTUMIAJI.

Mtumiaji wa kwanza ni Somoe Chilumba.
Amevua kandambili mlangoni
kana kwamba mashine ni mgonjwa aliyelazwa.
"Sema kila unachofikiri," namwambia,
"hatukupimi wewe, tunakipima kifaa."
Ananitazama kwa muda.
"Nafikiri umetoka mbali na hujanywa chai."
Naandika. Sijui niliweke safu ipi.

Kidole gumba juu ya kioo chenye mwanga mwekundu.
*Jaribu tena.*
Anakifuta kwenye kanga.
*Jaribu tena.*
Anakilamba, anakipuliza, anakirudisha polepole
kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala.
*Jaribu tena*, inasema mashine, kwa adabu ileile,
adabu ya mtu asiyekusikiliza.
Sekunde arobaini na moja. Sekunde tisini.
"Samahani," Somoe anaiambia mashine.

Kati ya wanawake kumi, saba imewakana.

"Hao wabanguaji," anasema Dismas, karani,
bila kuinua macho kwenye daftari lake,
"maji ya ganda yameshakula vidole vyao. Miaka hiyo yote!
Mimi huwawekea changu."
Huwawekea nini?
Ananionyesha gumba lake, safi, limenona,
mistari yake imepangika kama matuta ya mihogo.
Basi ndani ya kompyuta, wanawake saba wa Newala
wana kidole kimoja, cha mwanamume mmoja,
na wiki ile alipokwenda msibani Masasi
hakuna aliyelipwa.
"Mfumo unafanya kazi," anasema. Hatanii.
Na kweli, kwenye ripoti ya makao makuu
kila kisanduku kina alama ya vema.

Mchana nikaenda bandani.
Moshi, bati, majivu kwenye kopo la rangi.
Somoe akanisogezea gogo la kukalia na rungu dogo.
"Gonga kiunoni, si kichwani," akasema,
"ukilipiga kichwani litakutemea."
Nilipiga kichwani.
Wakacheka hadi Esha Namkaa akashika mbavu.
Hapo hapakuwa na saa. Hakuna aliyeniambia jaribu tena;
walinishika tu mkono, wakaugeuza,
nikajua.

Kisha Somoe akainua mguu.
"Mwanangu, waambie hao waliotengeneza:
vidole vyangu nimevila mwenyewe, nimesomeshea watoto.
Lakini kisigino hiki, angalia,
kina mistari kuliko barabara ya zamani ya Mtama.
Wakiulize kisigino. Hakijawahi kunikana."

Usiku, chumba namba nne, nyumba ya wageni.
Gumba langu lina weusi wa ganda,
sabuni imeshindwa, ndimu imeshindwa.
Naligusisha simu yangu.
*Jaribu tena.*
Nikalifuta kwenye shuka la wenyewe.
*Jaribu tena.*
Na mimi, msomi wa mambo haya, mwenye cheti ukutani,
nilijisikia nikisema "samahani,"
peke yangu, kwa kipande cha kioo.
Kisha nikaandika namba zangu za siri, nikaingia.
Mimi nina mlango wa uani.

Fomu iko mezani. Safu ya tano
nimekata neno la mwisho. Imebaki MAKOSA YA,
na nafasi ndogo ambayo jina la kampuni
halitoshi, na langu linatosha.

Chini kabisa, penye Mapendekezo,
niliandika: *kisigino.*
Nikalifuta.
Taa ikakatika, ikarudi.
Nikaliandika tena.