Wenyewe Wamo Ndani

Jana usiku umeme ulikatika Kadutu.
Wakasema mitambo ya Ruzizi imesongwa tena
na chupa, na mifuko, na ndala za mguu mmoja,
takataka zilizoshuka na mvua kutoka kwetu milimani.
Nilicheka peke yangu gizani, Mama,
kwa maana asubuhi ile ile dokta Zihalirwa
alinichorea figo zako nyuma ya karatasi ya maabara:
maharagwe mawili, chini kabisa,
na juu yake utumbo, kona juu ya kona,
kama vichochoro vya kwetu.

"Huku juu kuna wapangaji," akasema.
"Wadogo, jicho haliwaoni,
wengi kuliko watu wa Bukavu, Goma na Uvira.
Wape maganda na majani, watakandika ukuta.
Wanyime, watatafuna ukuta wenyewe,
watachacha na nyama, watamwaga uchafu wao damuni.
Mto hauchagui. Unashusha.
Na figo zilizobeba sukari miaka kumi na mitatu
zimechoka kabla mzigo haujafika."

Hakuapa. Alikuna kidevu:
"Mengine bado tunayatafuta. Sindano usiache.
Lengalenga kidogo, zichemshe, maji yake mwaga."

Nikapanda na maneno yangu hadi jikoni.
Ulikuwa umekaa, miguu imevimba juu ya kigoda,
unatikisa mashanza katika kibuyu cha Koko M'Lugano,
kile kilichotoka Walungu mgongoni mwako,
kisichojua sabuni.
Nilipokuwa mdogo nilitaka kukisugua, ukanipiga mkono:
"Acha! Wenyewe wamo ndani."
Nikadhani ni mizimu.
Nililala na shuka kichwani.

"Mama," nikaanza, "tumboni mwako kuna..."
"Wenyewe," ukanikatiza. "Najua.
Miaka sita ya shule, na karo ya ng'ombe wawili,
ndiyo umekuja kuniambia hiyo?"

Nikanyamaza. Nikabonyeza mguu wako;
shimo la kidole likabaki, halikutaka kujaa.
Ukalitazama pamoja nami.
Kisha ukaweka kibuyu chini, polepole,
ukahesabu kwa vidole: mkate mweupe wa alfajiri,
chai ya vijiko vinne, bugali mtupu
tangu mwaka ule tuliokimbia shamba.

"Na hawa wangu," ukauliza, mkono juu ya tumbo,
sauti ya mtu aliyesahau mgeni mlangoni,
"wana njaa tangu lini?"