Safu ya Nne

Daftari la michango lina safu nne.
Nilizichora mwenyewe kwa rula ya mwanangu:
jina, kiasi, namba ya simu,
na ya mwisho, aliyoniamuru katibu niiongeze: kwao.

Usiku wa tatu wa matanga ya Peninah Wakesho.
Hapa Jericho viti vya plastiki vimefika hadi kwa kinyozi,
chai imekwisha, sufuria inarudishwa jikoni,
na mimi mweka hazina, kalamu sikioni,
nasoma jumbe za pesa kwenye simu mbili.
Mia mbili, Bi. Nekesa wa namba kumi na saba.
Elfu moja, waliostaafu naye Posta.
Hamsini, kijana wa mayai. Andika tu hamsini, amesema,
huyu mama aliniita kwa jina langu lote.

Kaka zake wawili wamekuja kutoka Wundanyi
na gari la kukodi, na jembe jipya
lenye karatasi ya dukani bado.
Wana adabu. Wanaongea kwa zamu.
Tumemtafutia mahali, wanasema,
kule chini, ukipita migomba, karibu na uzio.
Uzioni kwa nini? anauliza Nekesa.
Mkubwa wao anakunja kofia, anaikunjua.
Hakuolewa, anasema,
kama mtu anayetaja bei.

Miaka thelathini na mmoja aliunganisha simu za watu,
Kisumu na Mombasa, mume na mke, mdai na mdeni,
kwa sauti ile ile isiyochoka:
Nikuunganishe na nani?
Wachumba walikuja. Mmoja alikuwa na lori.
Aliwapa chai, akawasindikiza mpaka kituoni,
akarudi, akafunga mlango, akafungua redio.
Sisi majirani tulitafuta sababu, tukazipata nyingi,
tukagawana kama nyama ya sikukuu.
Mwenyewe hatukumwuliza.

Sasa Nekesa anafungua mkebe wa biskuti.
Ndani mna bahasha, na karatasi moja,
herufi zimesimama wima kama za fomu:
*Nizikeni Lang'ata. Pesa ya shimo imo humu, msinichangie.
Kule watu hupangwa kwa namba,
hakuna wa mlangoni wala wa uzioni.
Wundanyi nisalimieni.*

Msinichangie! Nami nimejaza kurasa sita.

Mwacha asili ni mtumwa, anasema mzee mmoja wa kamati,
na wengine wanaitikia kwa videvu.
Nekesa hajibu. Anakunja karatasi mara nne
kwa kufuata mikunjo ya marehemu.
Ndipo katibu ananigeukia:
Mweka hazina, hebu, nyinyi kwenu hufanyaje?

Kwetu.
Mama alitoka Mwala, baba alitoka Butere,
mimi nilitoka Pumwani, wodi ya juu, mvua ikinyesha.
Kikamba changu kinaishia kwenye salamu,
Kiluhya changu kinaanza na kuisha kwa matusi.
Kila fomu niliyojaza maishani nimeandika Butere,
nilikofika mara mbili,
mara zote mbili nikiwa nimevaa nyeusi,
na watoto wa huko wakanizunguka wakiniita mgeni.
Sikusema uongo. Nilinakili tu
kitambulisho cha baba.

Sijui, nimemjibu katibu. Nimesikia sauti yangu
ikigonga mabati ya kinyozi.

Kaka mdogo, aliyenyamaza tangu magharibi,
anauliza kwa sauti ndogo
kama Lang'ata mtu huruhusiwa kwenda na jembe lake.
Hakuna anayejua. Kamati nzima haijui.
Anaanza kubandua ile karatasi ya dukani
kwa ukucha, polepole, kipande kwa kipande.

Mimi bado sijaandika mchango wangu.
Nafungua ukurasa wa saba, ingawa amekataa:
jina langu, mia tano, namba ya simu.
Safu ya nne kalamu inakwama, nailamba ncha,
naandika Jericho, namba ishirini na tatu,
mkabala na bomba la maji.
Katibu ameona. Anafungua mdomo,
na mojawapo ya zile simu mbili inaita,
namba nisiyoijua.