Mgonjwa Haulizwi Uji

Jumanne na Ijumaa, saa nne kasorobo,
gari dogo jekundu hukanyaga theluji ya uani
na Bogumiła huingia akipuliza vidole.
Havai koti jeupe. Ana sweta yenye kiraka kiwikoni,
na huvua viatu, akavaa ndara za mama,
zile ambazo hatujapata moyo wa kuzitupa.

Baba yumo chumba cha mbele.
Miaka thelathini na mitatu aliteremka mita mia saba
chini ya mji huu wa matofali mekundu
kuchimba makaa ya mawe. Akipanda juu
kope zake zilikuwa na wanja
ambao sabuni ya kampuni haikuuweza.
Tulimcheka tukiwa wadogo: baba bibi harusi!
Sasa mgodi umehamia kifuani mwake.
Usiku namsikia akiichimba pumzi,
koleo moja, kimya, koleo jingine,
nami nahesabu ule ukimya.

Mimi ni fundi wa lifti.
Najua kamba ipi hubeba uzito gani.
Lakini kumgeuza baba sikujua
hadi Bogumiła aliponishika mikono:
goti kwanza, halafu bega,
mwili utafuata wenyewe, usimvute kama gunia.
Akanionyesha matone ya mofini chini ya ulimi,
na daftari la kuandika saa,
na sifongo ya kijiti ya kulowesha midomo,
na namna ya kukaa tu.
Hilo la mwisho lilinishinda wiki mbili.

Norbert hupiga simu kutoka Dortmund:
Amekula? Kwa nini hajala? Mpeleke hospitali!
Kaka mkubwa akinikaripia nageuka mtoto,
nashika kijiko, nabembeleza, nalazimisha.
Uji wa ngano ulimtiririka baba shingoni.
Aliuma meno. Alinitazama
kama atazamwavyo mtu aliyeingia bila hodi.

Watu husema mgonjwa haulizwi uji.
Bogumiła akakiondoa kijiko mkononi mwangu,
akasema: Muulize.

Nikamuuliza. Ikapita dakika nzima.
"Maji ya matango," baba akasema,
yale ya chumvi na kitunguu saumu
ambamo matango ya achari hulala majira yote ya baridi.
Tukachovya sifongo. Akaifyonza
macho kayafumba, pembe za midomo zikitikisika,
akataka tena.

Baada ya siku chache alitaka njiwa.
Aliwafuga wa mashindano tangu ujana;
sasa wako kwa jirani yetu, Gerard.
Nikamtazama Bogumiła. Akafungua daftari lake,
akalipekua kurasa zote kwa uso wa hakimu.
"Humu njiwa hajakatazwa."
Gerard akamleta jike wa kijivu ndani ya koti.
Baba akapapasa pete mguuni,
akaisoma namba kwa kidole gumba,
tarakimu moja moja, bila kukosea.
Njiwa akanya shukani.
Ndiyo mara ya mwisho kicheko kusikika chumba kile,
na aliyeanza kucheka ni yeye.

Alikwenda alfajiri ya Jumatano, siku isiyo na gari.
Koleo moja, kimya.
Nikahesabu, nikafika mia mbili
kabla ya kuelewa kwamba nahesabu peke yangu.
Bogumiła akaja na nywele hazijachanwa.
Tukamwosha pamoja. Goti kwanza, halafu bega.
Kwenye ukingo wa ukope wa kushoto
palikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama uzi.
Kitambaa changu kilifika pale, kikazunguka.

Ijumaa gari jekundu likaja tena,
sijui kwa zamu ya mgonjwa gani.
Akavaa ndara. Akaketi jikoni.
Akaniuliza nataka kula nini.
Sauti haikutoka. Nikamwonyesha mezani
ile chupa ya achari:
matango yote yamo,
maji hayamo.